Kabla ya kupigia yule mtoto makofi



Jumapili moja mwezi huu, kisha misa ya pili, tulijaa katika ukumbi wa parokia kuangalia mchezo wa kuigiza. Mvua ilikuwa inapiga manjanja hata ikabidi wachezaji walalamike kwa sauti, lakini hakuna mtu alitoka. Mchezo ulikuwa juu ya msichana wa miaka tisa ambaye jirani yao alimbaka. Mama anajua, baba hataki aibu, wajomba wanaleta mbuzi wawili ili maneno yaishe. Mwishoni shangazi mmoja anakataa, anapeleka mtoto kwa avoka, na kesi inafika tribinali. Mtoto anasimama katikati, ananyoosha kidole: "Ni huyu!" Ukumbi mzima ukasimama. Makofi, vigelegele, mama mmoja nyuma yangu analia. Hata mimi nilipiga makofi.

Nilipofika nyumbani nikaanza kuona haya juu ya yale makofi. Njo sababu ninaandika.

Niseme kwanza yale yaliyo mazuri, juu ukosoaji usiotambua kazi ya mwenzako ni wivu tu. Wale vijana wanajua kucheza. Sehemu ya mbuzi wawili ni kweli tupu: kila mtu aliyekulia hapa, kutoka Nyakavogo hadi Mulambula, ameshaona mikutano ya namna ile, wanaume wanakaa kwenye kivuli, wanahesabu bei, na mtoto yuko nyuma ya nyumba anaosha vyombo. Na mchezo ulisema wazi kitu ambacho wengi hawajui: sheria nambari 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 haikubali kosa la ubakaji limalizwe kwa kulipa faini na kwenda nyumbani. Kwa hiyo kazi waliifanya. Hapo siwadai.

Ninawadai sehemu ya tatu. Kabla ya tribinali, shangazi na avoka wanakaa na mtoto usiku. "Sema tena." Mtoto anasema. "Hapana, ulisahau saa. Sema tena, na nguvu." Mtoto anarudilia mara tatu, mara nne, mpaka anaweza kusema yote bila kulia. Avoka anacheka kwa furaha: "Sasa uko tayari." Na watu ukumbini wakacheka pia, kama vile mtu anafurahia mwanafunzi aliyeshika somo. Mchezo unatufundisha kwamba kuandaa mtoto ni kumkaririsha. Na mtoto jasiri ni yule anayesema mbele ya watu wote, akiangalia aliyemtesa usoni.

Hayo mambo mawili, yote mawili, ni ya hatari. Ninajua, juu nilishayafanya.

Mimi si mwanasheria. Nilisoma agronomi, kazi yangu ni miche ya kahawa na udongo. Lakini hapa mtaani, mtu akishapata licence, ni licence tu: wanakuletea barua ya shule, mkataba wa nyumba, mtoto mgonjwa. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa avenyu yetu akanijia jioni. "Yaya Agronomu, utusaidie. Wewe njo ulisoma. Mutoto wangu anaitwa ku tribinali, na hajue kusema." Sitaja zaidi juu yake wala juu ya mtoto, hata umri wake nitauacha. Inatosha mjue kwamba alikuwa anasoma shule ya msingi, na mtu aliyeshtakiwa alikuwa mtu mzima ambaye kila mmoja alimsalimia asubuhi.

Nilichukua daftari. Niliuliza maswali, nikaandika majibu, nikapanga kama ripoti ya staji: siku, saa, mahali, nani aliona. Pale ambapo mtoto alisema "sikumbuki," mimi nilimwambia: "Ilikuwa mangaribi, si ndiyo? Juu mama alikuwa ametoka sokoni." Akakubali. Mtoto anakubali kila kitu ukimwuliza na sauti ya mkubwa. Pale alipochanganya siku, nilirekebisha. Kisha tulirudilia, jioni tatu, yeye amekaa kwenye kibao, mimi na daftari. Siku ya mwisho alisema yote vizuri kabisa, bila kukosa neno. Nilimnunulia biskuti. Nilijivuna, wandugu. Niliona nimefanya kazi ya msomi.

Ku tribinali, alisema yote. Kwa sauti ileile, kama shairi la darasani, na mpangilio wangu mulemule. Avoka wa upande mwingine hakupiga kelele. Aliinama kidogo, akauliza kwa upole: "Mutoto muzuri, nani alikufundisha haya maneno?"

Akajibu kama alivyofundishwa kanisani, kwamba mtoto hasemi uongo: "Ni Yaya Agronomu."

Avoka akauliza juu ya saa. Akasema mangaribi. Akauliza kama anakumbuka yeye mwenyewe ama aliambiwa. Akanyamaza. Aliniangalia mimi, kwenye benchi la nyuma, akitafuta jibu usoni kwangu. Yule mtu aliachiliwa, juu ushahidi ulikuwa na mashaka. Cheti cha daktari kilichelewa, hilo pia lilikuwa kweli, na si kosa langu. Lakini neno la mtoto, ambalo njo lilikuwa limebaki, mimi njo niliyeliharibu.

Sasa nitasema kwa lugha ya kazi yangu. Ukitaka kujua udongo wa shamba, unachukua sampuli. Unatumia chombo safi, unaweka kwenye mfuko safi, unaandika ulitoa wapi na lini. Ukishika ile sampuli na mikono yenye mbolea, maabara itakupa namba, na namba zitakuwa nzuri, lakini ni namba za mikono yako. Huwezi tena kujua shamba lilisema nini. Hakuna kuosha sampuli. Kumbukumbu ya mtoto ni vilevile: mtu wa kwanza kuuliza njo anaacha alama kubwa zaidi. Leo hata mimi siwezi kujua kama ilikuwa kweli mangaribi. Ninaamini mtoto, ninaamini jambo lilitokea. Lakini maneno yake nilishayachanganya na yangu, na hata yeye labda hawezi tena kuyatenganisha.

Na msidhani ni ujinga wa Bagira peke yake. Ufaransa, nchi ambayo sheria zetu nyingi zimetoka upande wake, walipata kesi ya Outreau. Mwaka 2004 watu 17 walishtakiwa mbele ya korti ya Saint-Omer. Mwisho wa yote, kisha rufaa ya mwaka 2005, 13 kati yao walitangazwa hawana kosa, na kumbe wengine walishakaa gerezani miaka. Watu wengi wanakumbuka kesi ile kama ushahidi kwamba "watoto wanasema uongo". Si hivyo: korti ilitambua kwamba watoto 12 walitendewa ubaya kweli. Ila kuuliza kulienda vibaya, wakubwa wakarundika maswali juu ya maswali, na ukweli ukafunikwa pamoja na makosa. Hasara ikawa kwa wote, watoto na wasio na kosa.

Sasa turudi karibu. Kuna kesi ambayo ule mchezo ungeweza kujifunza kwayo, na iko kilometa kama 30 kutoka hapa: Kavumu. Sisi wa agronomi tunaijua ile barabara, kituo cha INERA cha Mulungu kiko upande ule. Kati ya 2013 na 2016, wasichana wadogo karibu 40 walitolewa vitandani usiku, wakabakwa, na wakaachwa shambani ama karibu na nyumba. Wengine walikuwa wadogo sana hata hawajui kusema vizuri. Walipelekwa Panzi. Dosye zilifunguliwa moja moja, kila familia na yake, na zikalala moja moja. Nyuma ya yote kulikuwa na kikundi cha silaha na mheshimiwa mmoja wa bunge la jimbo, Frédéric Batumike, aliyekamatwa Juni 2016. Wale watu waliaminishwa kwamba damu ya mtoto bikira inawakinga vitani.

Kesi ilifunguliwa Novemba 2017. Korti ya kijeshi ilipanda yenyewe mpaka Kavumu, badala ya familia kushuka Bukavu. Tarehe 13 Desemba 2017 ilihukumu Batumike na wenzake kumi kifungo cha maisha kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Julai 2018, rufani ikasikilizwa hapa Bukavu na hukumu ikathibitishwa. Deputé alifungwa. Mnakumbuka tulivyoshangaa.

Lakini tazameni watoto walikuwa wapi. Hawakusimama katikati ya ukumbi. Hakuna aliyenyoosha kidole. Mazungumzo nao yalikuwa yamefanyika kabla, mahali patulivu, na watu waliofundishwa kuongea na watoto, na yalirekodiwa kwa video. Majuji waliona zile video mlango umefungwa. Madaktari wakaeleza yale waliyoyaona mwilini. Mashahidi wengine walikuja wamefunikwa kutoka kichwa mpaka miguu, nyuma ya pazia, sauti imegeuzwa. Kesi kubwa kuliko zote za watoto katika jimbo letu ilishindwa na upande wa watoto bila mtoto hata mmoja kucheza ile sehemu ambayo tulipigia makofi.

Hapo njo penye ukosoaji wangu wote. Mchezo umeweka ujasiri mahali pasipofaa. Unamwambia mtoto aliyekaa ukumbini (na nina hakika alikuwepo mmoja, ama zaidi) kwamba asipoweza kusimama na kunyoosha kidole, yeye ni mwoga na haki yake itapotea. Sheria yenyewe haimdai hivyo. Ileile 06/019 inamtaka hakimu alinde usalama, afya ya mwili na ya roho, heshima na siri ya aliyetendewa. Inakubali kesi isikilizwe mlango umefungwa, mwathirika ama parke akiomba. Inataka daktari na mtaalamu wa saikolojia waitwe. Hata muda imeweka: mwezi mmoja kwa uchunguzi wa mwanzo, miezi mitatu kwa hukumu. Mchezo haukutaja hata kimoja. Mama aliyetoka pale hajui kwamba anaweza kuomba mlango ufungwe. Anajua tu kwamba lazima mtoto asome maneno.

Mtaniuliza: basi kuandaa mtoto ni nini, kama si kumfundisha la kusema? Tangu siku ile nimeuliza watu wa kazi hiyo, nimesoma, na naona jibu ni rahisi kulisema na gumu kulifanya. Unaandaa mtoto kwa mahali, si kwa maneno. Unampeleka kuona chumba kikiwa tupu. Huyu aliyevaa nguo nyeusi njo juji, atakaa pale, si mtu wa kukupiga. Huyu anaandika. Wewe utakaa hapa, mama atakuwa pale. Ukitaka kukojoa, unasema. Unamwambia maneno matatu ambayo mtoto wa kwetu hajawahi kuruhusiwa kumwambia mkubwa: "Sijui." "Sikumbuki." "Sikuelewa swali." Na la nne, gumu zaidi: "Hapana, si hivyo ilivyokuwa." Sisi tunalea watoto wa kusema "ndiyo, papa". Adabu hiyohiyo inawafanya wakubali kila swali la avoka. Kama kuna kitu cha kurudilia jioni tatu, ni hicho: umwulize jambo la mchezo, kama vile kanzu yangu ni ya kijani, na umfurahie anapokukatalia.

Na juu ya jambo lenyewe, unamwacha na mtu mmoja aliyefundishwa, mara moja kama inawezekana. Unauliza "nieleze", kisha unanyamaza.

Kuna pia shida ya lugha ambayo mchezo uliruka kabisa, juu jukwaani kila mtu aliongea Kiswahili, hata juji. Katika maisha, mtoto anasema Mashi ama Kiswahili cha nyumbani, na karatasi inaandikwa Kifaransa. Mtoto anasema "alinifanyia mubaya", na aliyeandika anachagua neno la sheria. Kisha mwezi wa tatu anaulizwa juu ya neno ambalo hakulisema. Halafu sehemu za mwili, sisi wenyewe hatukumpa majina yake. Tumempa matusi na mafumbo. Tunamtaka aseme mbele ya juji neno ambalo nyumbani angepigwa akilitaja. Hayo pia ni maandalizi, na yanaanza miaka kabla ya kesi yoyote, siku unapomwogesha.

Wenzetu wanajaribu njia zao. Iceland ilifungua mwaka 1998 nyumba moja ya watoto, inayoitwa Barnahus, ambapo polisi, daktari na parke wanakuja kwa mtoto, badala ya mtoto kuzunguka ofisi zote. Tanzania ilibadilisha sheria yake ya ushahidi mwaka 2016: mtoto wa miaka 14 kushuka anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kusema ukweli na si uongo. Ni kitu kidogo, lakini kinaanza mahali mtoto alipo. Kuahidi anajua. Kiapo ni neno la wakubwa.

Niliongea na kijana aliyeongoza mchezo, kisha ya kufunga ukumbi. Alinisikiliza, akanijibu jibu ambalo bado linanisumbua. "Yaya, Kavumu ilikuwa na ba ONG, ilikuwa na kamera, dunia yote ilikuwa inaangalia. Hapa Bagira kuko nini? Nikionyesha mutoto amekaa ndani ya chumba na video, batu watasema hiyo ni ya wazungu. Nikionyesha mutoto anasema, wataenda kushtaki."

Ana haki nusu. Kavumu si mfano mwepesi. Ilichukua miaka, watoto wakizidi kuongezeka kwenye ile orodha, mpaka wakubwa wakaamka. Korti iliamua dola 5.000 kwa kila mwathirika, na haikuona dola lolote la kudai kwa serikali, wakati familia zile zilikuwa zimelia polisi mara ngapi. Na ni kweli kwamba katika kesi ya kila siku, ya mtoto mmoja na mama anayeuza makala, hakuna kamera ya korti. Kuna simu tu. Na simu yenyewe ni hatari mpya: nimeshaona video ya mtoto anaulizwa na majirani, sura wazi, inazunguka katika WhatsApp "ili haki itendeke". Ile si video ya Kavumu. Ile ni kumbaka mara ya pili, na kumpa avoka wa upande mwingine zawadi. Ukiipokea, usiitume mbele.

Lakini nusu ya pili ya jibu lake sikubali. Kumwonyesha mtoto chumba kitupu hakudai ONG. Kunyamaza kisha "nieleze" hakudai kamera. Kuomba mlango ufungwe ni sentensi moja ya mama ama ya avoka. Kupeleka mtoto hospitali siku ileile, ili cheti cha daktari kibebe mzigo badala ya kinywa chake, kunadai pesa ya motari. Hivyo vitu vya bei ndogo njo vingepaswa kuwa jukwaani, juu njo tunavyoweza.

Nilimpendekezea mwisho mwingine. Sehemu ya tatu, shangazi anakuja na daftari, kama mimi. Avoka anamnyang'anya daftari, analifunga. Anamchukua mtoto kwa mkono wanaenda kuona chumba kitupu. Mtoto anauliza: "Nikisahau?" Avoka: "Utasema umesahau." Kisha mlango unafungwa, na sisi watazamaji tunabaki nje, hatusikii anachosema. Tunakaa gizani dakika nzima. Siyo letu kusikia.

Akacheka kidogo: "Na makofi, Yaya? Batapiga saa ngapi?"

Nikamwambia labda wasipige. Hakunijibu. Alisema atafikiri. Mwezi ujao watacheza tena Kadutu, nitaenda kuangalia.

Yule mtoto wa avenyu yetu amekua sasa. Tukikutana njiani ananisalimia kwa heshima, "Jambo Yaya Agronomu," kama kawaida, na mimi ninaitika. Mama yake hajawahi kunilaumu. Aliwahi hata kunishukuru kwa yale majioni matatu na daftari. Ile daftari bado ninayo, chini ya makaratasi ya staji. Sijui kuichoma, wala kuifungua.

Ninyi mliosoma sheria, mliosoma saikolojia, mlio walimu: kwenye avenyu zenu pia watawajia jioni, juu ninyi njo mlisoma. Mkijiwa, acheni daftari nyumbani.